Magurudumu yanapita, mzigo je? Ekartema na gabari katika reli yetu ya Katanga

(Hotuba iliyotolewa Lubumbashi mbele ya vijana wa ufundi, wazazi wao na wazee wa reli. Imeandikwa karibu kama ilivyosemwa, pamoja na maswali mawili ya mwisho.)

Jambo yenu wote. Wazee wangu wa reli, wababa, wamama, na ninyi vijana mliokimbilia viti vya nyuma kama desturi yenu, aksanti kwa kuja.

Siku hizi Lubumbashi nzima inaongea reli. Lobito huku, Dar es Salaam kule, Wachina wamesema hivi, Wamarekani wamejibu vile. Hata kwenye foleni ya mkate utasikia mtu anakupangia njia ya kwenda baharini. Katika mabishano hayo kuna neno moja ambalo kila mtu amekwisha kulijua: ekartema, yaani nafasi kati ya reli mbili. Wanajua kwamba ya kwetu ni milimita 1067, na kwamba reli mpya za Kenya na Tanzania ni 1435. Hapo hapo wanaruka kwenye hukumu: njia yetu ni nyembamba, kwa hiyo mabehewa yetu ni membamba, kwa hiyo shaba yetu itaendelea kwenda kwa malori mpaka siku tutakapong'oa kila kitu na kuanza upya.

Hukumu hiyo imechanganya vitu viwili. Kimoja ni ekartema, kingine ni gabari. Wenzetu wanaosoma Kiingereza wana shida kuliko sisi, maana wao huita vyote viwili geji, basi wakiongea haraka hujui ni ipi. Sisi tuliojifunza kazi kwa Kifaransa tuna majina mawili tofauti, na bado tunavichanganya. Ndiyo maana nimekubali kuja.

Nianze na ekartema, ndiyo rahisi. Ni nafasi iliyopo kati ya reli mbili, ikipimwa kutoka upande wa ndani wa kichwa cha reli hii mpaka upande wa ndani wa kichwa cha ile. Haipimwi katikati ya reli, wala nje. Ulaya wanapima milimita 14 chini ya uso wa juu, kwa sababu kichwa cha reli kimeviringwa kidogo pale juu, na ukingo wa gurudumu unagusa chini kidogo ya mviringo huo.

Wale waliofanya kazi ya njia wanajua inavyopimwa. Kuna ufito wa chuma unaolazwa juu ya reli mbili, ukikata njia sawasawa, usiende mshazari. Ncha moja ina kisigino kisichosogea. Unakibana kwenye reli ya kwanza. Ncha ya pili ina kisigino kinachoteleza. Unakisukuma mpaka kiguse reli ya pili, kisha unainama kusoma namba. Ukikuta 1067 unasimama, unatembea hatua kadhaa, unainama tena. Kwenye kona utakuta imeongezwa kidogo kwa makusudi, ili magurudumu yasijibane. Lakini ukikuta imepanuka mahali pasipo na kona, usiangalie reli, angalia chini: taruma, lile linalolazwa chini kubeba reli, limeoza au limepasuka, au skrubu zimelegea. Reli hazikimbiani zenyewe. Na ikipanuka kupita kiasi, gurudumu linaanguka ndani, na kesho mnasikia redioni kwamba treni imetoka njiani.

Basi, ekartema inajibu swali moja tu: je, magurudumu haya yanaweza kusimama juu ya reli hizi? Hapo kazi yake imekwisha. Juu ya magurudumu kuna nini, upana gani, kimo gani, ekartema haijui.

Hiyo ni kazi ya gabari.

Gabari ni umbo. Chukueni chaki, chora behewa lililotazamwa kwa mbele, halafu zungushia mstari: pembeni kushoto, pembeni kulia, juu kwenye mabega, juu kabisa. Kila kitu cha treni, pamoja na mzigo, turubai na kamba, lazima kibaki ndani ya mstari huo. Na kila kitu kisicho cha treni, yaani nguzo, jukwaa la stesheni, ukuta wa handaki, chuma cha daraja, lazima kibaki nje ya mstari wa pili, mkubwa zaidi. Kati ya mistari hiyo miwili kuna nafasi tupu, na nafasi hiyo si ya kuchezewa. Behewa linayumba. Springi moja ikichoka, behewa zima linalala upande. Kwenye kona, behewa refu linatokeza tumbo upande wa ndani na ncha zake upande wa nje, kwa hiyo mahali ambapo kwenye njia iliyonyooka lilipita bila shida, kwenye kona linakwaruza.

Gabari haina ufito wa kupimia. Katika yadi za mizigo huwekwa tao la chuma juu ya njia, lenye umbo la ule mstari wa kwanza. Behewa lililopakiwa linasukumwa polepole chini yake, mtu mmoja kila upande, macho juu. Likipita bila kugusa, linaondoka. Likigusa, hata kama ni ncha ya mbao moja, hakuna kubembelezana: mzigo unashushwa na kupangwa upya. Na kama ni kitu kisichoweza kupangwa upya, mfano transfoma kubwa ya umeme, basi unasafiri kama mzigo wa pekee, kwa mwendo wa pole, na mtu amekwisha kukagua njia yote kabla yake, daraja kwa daraja.

Ninyi vijana mnaiona tofauti hii kila asubuhi bila kulipa kitu. Tazameni baiskeli ya makala, makaa ya kupikia, inayoingia mjini. Magurudumu yake yanahitaji njia ya upana wa kiganja tu. Lakini magunia yaliyofungwa juu yake yanahitaji barabara nzima, na msukumaji akifika kati ya nguzo mbili, hazungumzi habari ya magurudumu.

Sasa tuone duniani mambo yanakwendaje, maana hapa ndipo watu wanashangaa.

Uingereza, Ufaransa na Marekani wote wana ekartema ile ile ya 1435. Uingereza ndiko ilikotoka. Kampuni moja tu kubwa huko, ile ya magharibi, ilianza na njia pana ya zaidi ya mita 2, nayo ilimaliza kubadilisha 1892. Basi mtu angesema: wote ni 1435, treni zote ni sawa. Hata kidogo! Waingereza walijenga mapema, wakachimba mahandaki madogo na kupandisha majukwaa karibu na njia. Leo mabehewa yao mengi ya abiria yana upana wa karibu mita 2.8, na kimo hakifiki mita 4. Bara la Ulaya walikubaliana kwenye upana wa mita 3.15 na kimo cha mita 4.28. Wamarekani, wao wanapanga kontena mbili, moja juu ya nyingine, na kimo kinafika karibu mita 6.15 kutoka juu ya reli. Ekartema moja, watoto watatu wasiofanana.

Handaki la chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa lilipofunguliwa 1994, treni za kwanza za abiria kutoka Paris kwenda London zilibidi zitengenezwe nyembamba kuliko zinavyopenda Wafaransa, kwa sababu upande wa pili zilitumia njia za zamani za Kiingereza. Na yale mabehewa yanayobeba malori ndani ya handaki lenyewe ni makubwa mno. Yanakwenda na kurudi kati ya kituo cha Folkestone na kile cha karibu na Calais, basi. Magurudumu yake yangeweza kukimbia mpaka Warsaw. Mwili wake hautoki pale.

Geuza upande sasa. Afrika Kusini wako kwenye 1067, kama sisi. Gabari yao ina upana wa karibu mita 3.05 na kimo cha mita 3.96. Yaani behewa la Afrika Kusini, linalokimbia kwenye njia "nyembamba", ni pana kuliko behewa la abiria la Uingereza linalokimbia kwenye njia "pana". Japani vivyo hivyo: treni zao za kawaida ziko kwenye 1067 na zina upana wa karibu mita 3. Mkimwona tena mtu anawaambia kwamba reli ya 1067 haiwezi kubeba mzigo mpana, muulizeni kama amewahi kupima behewa, au amepima reli tu.

Na sisi ni wa ukoo huo wa kusini. Reli ya Katanga haikutoka Kinshasa, haikutoka Ubelgiji. Ilipanda kutoka Cape, kule Afrika Kusini. Serikali ya Cape ilichagua 1067 miaka ya 1870 ili kuokoa gharama milimani, reli ikapanda kupitia Rhodesia zote mbili, Zimbabwe na Zambia za leo, ikaingia kwetu kwa mlango wa Sakania, na Septemba 1910 treni ya kwanza ikafika hapa Lubumbashi, wakati ule Élisabethville. Mwaka 1918 ilikuwa Bukama. 1928 ikafika Ilebo, wakati ule Port-Francqui. 1931 ikaungana na reli ya Benguela ya Angola pale Dilolo, na njia ya kwenda bandari ya Lobito ikawa wazi. Kwa hiyo ukisimama hapa Lubumbashi, tayari una ekartema moja mpaka Lobito, mpaka Durban, na kwa kupitia Kapiri Mposhi nchini Zambia na TAZARA, reli ya Zambia na Tanzania, mpaka Dar es Salaam. Bahari mbili bila kubadilisha gurudumu. Hilo ni jambo kubwa, na tulilirithi. Sioni kwa nini tuharakishe kulitupa.

Ndani ya nchi yenyewe ilikuwa fujo zaidi. Reli ya Maziwa Makuu, ile ya Kalemie, Kabalo na Kindu, ilijengwa kwa milimita 1000. Matadi kwenda Kinshasa walianza na njia ndogo ya karibu milimita 750, wakamaliza kuipanua kuwa 1067 mwaka 1932. Uele, kaskazini, ilikuwa 600. Mpaka leo kile kipande cha Kisangani na Ubundu ni 1000.

Upande wa Kalemie walibadilisha 1955, kutoka 1000 kwenda 1067, na mwaka uliofuata Kabalo ikaunganishwa na Kamina. Fikirini: milimita 67, upana wa vidole vyako vinne vilivyobanwa pamoja. Kwa ajili ya vidole vinne hivyo, kabla ya hapo hakuna gurudumu ambalo lingeweza kutoka Kalemie likaingia Kamina, hata kama njia ingekuwepo. Ndiyo nguvu ya ekartema. Haina "karibu". Inakubali au inakataa.

Lakini ugonjwa wa ekartema una dawa, na dawa ni zaidi ya moja. Unaweza kufanya walivyofanya 1955. Unaweza kuinua behewa zima kwa jeki na kulibadilishia bogi, yaani kile kigari cha magurudumu kilicho chini yake, kama wafanyavyo Brest, mpakani mwa Belarus na Poland, ambako njia za 1520 zinakutana na za 1435. Unaweza kuhamisha kontena kwa kreni kutoka behewa hili kwenda lile, kama pale Kidatu nchini Tanzania, TAZARA ya 1067 inapokutana na reli ya zamani ya 1000. Inachelewesha, inagharimu, lakini mzigo unafika.

Ugonjwa wa gabari hauna bogi ya kubadilisha. Behewa likiwa pana kuliko daraja, ama unakata daraja, ama unabaki nyumbani.

Wafaransa, walimu wetu, walitupa mfano mzuri Mei 2014. Ilijulikana kwamba treni mpya za mikoani walizoagiza zilikuwa pana kidogo kuliko nafasi iliyopo kwenye majukwaa ya stesheni za zamani. Ekartema ilikuwa safi kabisa. Majukwaa kama 1,300 yakabidi yakwanguliwe kingo, kazi ya euro milioni 50. Waliopima walikuwa wamechukua vipimo vya majukwaa mapya, ya zamani wakayasahau. Wahispania nao waliagiza 2020 treni 31 kwa euro milioni 258, za njia zao za milimita 1000 za kaskazini, penye mahandaki ya karne ya 19. Kisha ikaonekana kwamba vipimo vilivyotolewa visingepita kwenye baadhi ya mahandaki hayo. Bahati yao, hazikuwa zimekwisha kuundwa. Habari ilipotoka hadharani, 2023, rais wa shirika la treni na katibu wa serikali wa uchukuzi wakaacha viti vyao. Nchi zenye wahandisi wengi hivyo! Mimi sicheki. Ninasema tu kwamba kosa la gabari haliwafuati maskini peke yao.

Tuje kwetu, kwenye nyaya. Hapa Katanga gabari ina adui mmoja ambaye majirani zetu wengi hawamfahamu: kateneri, yaani nyaya za umeme zilizotundikwa juu ya njia. Mwaka 1952, kati ya Likasi, wakati ule Jadotville, na Tenke, treni za umeme zilianza kukimbia kwa mkondo wa hertsi 50, ule ule wa viwandani, nchi nyingi zikiwa bado zinaujaribu jaribu. Baadaye nyaya ziliendelea, Lubumbashi, Kolwezi, Kamina. Ni fahari yetu, na ni haki. Lakini kumbuka waya huo una volti 25,000, na volti 25,000 hazisubiri kuguswa. Ukisogea tu vya kutosha, zinaruka. Kwa hiyo juu ya mzigo lazima ibaki hewa ya kutosha, na hewa hiyo ni sehemu ya hesabu ya gabari.

Ndiyo maana ninasema na wazazi waliopo hapa. Mtoto anayepanda juu ya paa la behewa ili asafiri bure, siku hiyo yeye ndiye mzigo uliotoka nje ya gabari. Hakuna aliyempitisha chini ya tao.

Sasa hesabu moja ya kontena, na hapa vijana wa ufundi watoe kalamu. Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.59. Lile refu, ambalo sasa limejaa kila bandari, lina mita 2.90. Tuseme sakafu ya behewa lako iko mita 1.10 juu ya reli. La kawaida linakupa 3.69: unapita chini ya ile mita 3.96 ya kusini, na chenji inabaki. Refu linakupa mita 4 kamili. Umezidi kwa sentimita 4. Na si katikati tu; kontena lina pembe mraba, lakini gabari nyingi zinapunguka kwenye mabega kama paa la kanisa, kwa hiyo pembe zitagusa kabla ya katikati. Utafanya nini? Utatafuta behewa lenye sakafu ya chini zaidi, au utaomba kibali cha pekee, au utaita lori. Wengi wanaita lori. Na ekartema katika hesabu yote hiyo haikutajwa hata mara moja.

Kuna neno la tatu, uzito wa ekseli, ambalo kwa shaba ni zito kuliko haya mawili. Lakini hilo linahitaji jioni yake.

Tuchukue maswali.

*Dada mmoja wa mwaka wa pili aliuliza: kama ni hivyo, kwa nini Kenya na Tanzania wamehangaika na 1435?*

Swali zuri, dada. Ukiiacha TAZARA, reli zao za zamani zilikuwa za 1000, si 1067, na walijenga njia mpya kabisa pembeni ya ile ya zamani. Anayejenga upya anachagua vyote kwa pamoja: kona pana zaidi, madaraja mapya, na Tanzania wakatundika nyaya zao za umeme kwa kimo walichotaka. Njia pana inasimama imara zaidi kwenye mwendo kasi, hilo sikatai, na 1435 ndiyo iliyoenea zaidi duniani, kwa hiyo mitambo yake inapatikana kirahisi. Lakini faida nyingi anazoziona abiria wa Dar kwenda Dodoma zimetoka kwenye upya wa njia na gabari yake.

Sisi tukijenga 1435 hapa, itaishia wapi? Kusini tutakutana na Zambia iliyo kwenye 1067. Magharibi tutakutana na Angola iliyo kwenye 1067. Tutakuwa tumejijengea Kidatu mbili, moja Sakania na moja Dilolo, kwa pesa zetu wenyewe. Mimi ningeiacha ekartema ilivyo, na pesa ningezipeleka kwenye mataruma, madaraja na kimo cha nyaya. Wapo wenzangu wasiokubaliana nami, na baadhi wako humu ndani, ninawaona wanatikisa kichwa.

*Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi upande wa Kalemie aliuliza: na sisi wa ziwani? Tanzania wanaleta 1435 mpaka Kigoma, Kalemie ni 1067. Si tumekwisha?*

Hapana, mzee wangu, hamjaisha. Kati ya Kigoma na Kalemie kuna ziwa. Mzigo utashuka kwenye treni, utapanda meli, utashuka tena. Ekartema ya Kigoma ikiwa 1000 au 1435, kwa kontena linaloning'inia kwenye kreni ni mamoja. Pale mnahitaji kreni inayofanya kazi na meli inayokuja.

Ila angalieni kimo. Kutoka Kalemie mpaka Kabalo hakuna kateneri, mtapakia kontena refu na juu yenu mtaona mbingu tu, mtasema tumepita. Behewa hilo hilo likifika Kamina na kushuka kuelekea Tenke, linaingia chini ya nyaya. Kwa hiyo anayepakia Kalemie mzigo wa Lubumbashi apime kwa waya wa Tenke. Na kama hana namba ya waya huo mkononi, apige simu Kamina kabla ya kufunga kamba.